Mwaka Niliosoma kwa Jina la Fabiola

Taarifa ya kifo cha Fabiola ilinikuta jikoni kwangu Lanham, huku Marekani, mikono ina povu la sabuni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwetu Mbulu tulioko nje, na aliyeituma hakuwa na picha ya marehemu, kwa hiyo aliandika jina tu: Fabiola Petro amefariki jana hospitali ya wilaya, mazishi Jumamosi. Hazikupita dakika tano simu ikaanza kuita mfululizo. "Fabiola! Uko hai?" aliuliza mama mmoja wa Bladensburg ninayesali naye, analia kabisa. Nikamwambia niko hai, mama, ni mtu mwingine, tumefanana majina tu. Akacheka, akamshukuru Mungu, akasema basi nitaishi sana maana nimeshazushiwa kifo. Nilipokata simu nilikaa sakafuni, palepale mbele ya jiko. Machozi yalikuwa hayajaja bado. Nilikuwa naogopa. Kwa miaka yangu ya kweli nimeshatimiza arobaini, kwa miaka ya cheti bado mmoja. Nina uraia, nina kazi ya uuguzi, nina watoto wawili ninaowasemesha Kiswahili wakanijibu Kiingereza, na bado jina lile likitajwa ghafla nashtuka vilevile kama nilipokuwa msichana wa mwaka wa kwanza chuoni. Fabiola Petro aliyekufa ndiye Fabiola mwenyewe. Mimi nilizaliwa Martina.

Kwa wasiotoka kwetu, nieleze kidogo. Enzi zile mtoto aliyefeli darasa la saba hakuruhusiwa kurudia. Umefeli, umefeli, nenda nyumbani. Lakini walimu wakuu walikuwa na njia yao. Kila shule ilikuwa na mtoto aliyepotea kabla ya mtihani wa mwisho; kaolewa, kahamia, kapelekwa mjini kulea watoto wa watu. Jina lake linabaki kwenye daftari la mahudhurio, basi anachukuliwa mtoto mmoja aliyefeli, ambaye wazazi wake wamelia sana ofisini, anakalishwa juu ya jina lile. Hakuna aliyeita wizi, jamani. Tuliita kurudia, na darasani kwetu tulikuwa watatu. Mwalimu mkuu aliniambia, "Kuanzia Jumatatu wewe ni Fabiola Petro. Nikiita Fabiola uitike haraka, usije ukanitia aibu mbele ya mkaguzi." Nikasema ndiyo mwalimu. Fabiola alikuwa msichana mwembamba wa darasa lililokuwa nyuma yangu, wa kwanza kila mtihani tangu la pili hadi la sita, ambaye sisi wakubwa zake tulikuwa tunampelekea hesabu zetu chini ya mti wa bendera atufanyie. Desemba ile shangazi yake alimchukua kwenda Babati kumlelea mapacha, na hakurudi. Mimi nikakaa kwenye dawati lake. Nikafaulu, nikaenda sekondari, nikapata cheti cha kidato cha nne kwa jina lile. Cheti cha kuzaliwa kikatafutwa kifanane na cha shule, na pasipoti nayo ikafuata. Siku kocha Mmarekani alipokuja Arusha kutafuta wasichana wa mbio ndefu wa kuwapeleka chuoni kwake kwa ufadhili, aliyekimbia mbele yake alikuwa Fabiola, na mimi niliamini hakuna karatasi yoyote duniani inayosema vingine.

Mwaka wenyewe ulianza Agosti. Chuo sikitaji, kiko upande wa Maryland, karibu na ile barabara kuu inayozunguka jiji, kiasi kwamba ukifungua dirisha la bweni unasikia magari tu, saa zote, mpaka unazoea. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya chuma na zulia la kijivu lenye harufu ya unyevu. Kitanda cha pili kilikuwa cha Chebet, Mkenya wa upande wa Eldoret, mwaka wa pili, naye ameletwa na kocha huyohuyo. Ndiye aliyenifundisha kuvaa soksi mbili na kutomjibu "fine" kila Mmarekani anayeuliza hali halafu anaondoka bila kusubiri jibu. Jumapili alinipeleka kwa Mama Njoki, Mkenya mwenzake aliyekuwa akitunza wazee majumbani mwao huko Lanham, na ambaye alikuwa ameapa kwamba hakuna mtoto wa Afrika Mashariki atakayekula chakula cha kantini siku ya Bwana. Tulikula kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, meza ya plastiki, ugali mgumu wa Kikenya, sukuma wiki, kuku wa mchuzi, na chai ya maziwa baadaye iwe joto iwe baridi. "Kuja ukule, wewe msichana. Utakimbia na mifupa?" Nilikula mpaka nikapumua kwa shida. Miezi ile mitatu ya kwanza nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilishinda mbio za nyika mara mbili, kocha akawa ananiita Fabi, nami nikiitwa naitika kabla hata sijafikiri.

Kilichoanza kunitia hofu hakikuwa jina, kilikuwa masomo. Sisi wa mbio tulidahiliwa kwa alama za Kiingereza zilizo chini ya zile walizodaiwa wengine, tukapewa na mwalimu wa kutusaidia kuandika. Siku moja nilikuwa nimekaa nje ya chumba cha huyo mwalimu nikimsubiri, insha yangu mkononi imejaa wino mwekundu, nikasikia wahadhiri wawili wanazungumza ndani, mlango umeachwa wazi. Mmoja alisema, "Mtoto wa hapahapa mwenye alama nzuri tunamkatalia, halafu tunamchukua mtu asiyeweza kuandika aya moja, kisa ana miguu." Mwenzake akasema miguu hiyo ndiyo inayofanya watu walijue jina la chuo. "Basi tuseme hivyo," akajibu yule wa kwanza. "Tusiseme ni mwanafunzi." Hawakunijua, wala sidhani walikuwa wananisema mimi hasa, ila niliinuka nikaenda kujifungia chooni, nikakaa huko mpaka saa ya mwalimu ikapita. Unajua kilichonichoma? Ni kwamba kwangu mimi ilikuwa kweli. Mtihani nilioufanya kwa jina langu mwenyewe nilifeli. Kuanzia siku ile nikasoma kama mtu anayefukuzwa. Niliandika maneno kwenye viganja kabla ya mazoezi ili niyakariri nikikimbia, jasho likayafuta, nikayaandika tena. Chebet alikuwa akinitania, "Wewe, hata Mungu alipumzika. Zima hiyo taa ya mezani, wengine tuko na mwili wa damu." Nilicheka, nikaendelea kusoma, na Desemba ilipofika mwalimu yule wa kuandika aliniambia simhitaji tena.

Lakini kabla ya hiyo Desemba, Novemba, niliitwa ofisini kwa Bi. Doyle. Kazi yake ilikuwa kukagua kama wanamichezo wanatimiza masharti: alama, vyeti, tarehe ya kumaliza sekondari, kila kitu. Alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani ameining'iniza kwa kamba, na mezani pake palikuwa na bakuli la peremende ambalo kila aliyeingia alikaribishwa. Nami nikachukua moja. Ilikuwa bado iko shavuni aliposogeza picha mbele yangu. Kocha wa chuo kingine, ambaye timu yake tulikuwa tumeishinda mwezi uliopita, alikuwa amepita Arusha kutafuta wakimbiaji; kwenye ukuta wa ofisi ya klabu moja akaiona picha ya zamani ya mashindano ya shule za msingi, akaipiga picha, akaituma na barua. Watoto watatu wamesimama kwenye madawati. Wa kushoto hana viatu, namba kifuani imebanwa kwa pini mbili, anacheka na mwanya wake wote nje. Chini mtu ameandika kwa kalamu: Martina, darasa la saba, wa pili, mita 1,500. Mungu wangu. Nilifunga mdomo nikaubana, maana mwanya ule ninao mpaka leo.

"Huyu ni nani, Fabiola?" aliuliza, wala hakuuliza kwa ukali.

Nilisema siijui picha ile. Akavua miwani. Alinieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa, na mimi leo nikiwaeleza wagonjwa wangu habari mbaya huwa nasikia sauti yake. "Umri haunisumbui sana. Sheria zetu zinahesabu tangu siku uliyomaliza sekondari. Kinachonisumbua ni hiki. Kama wewe ndiye huyu Martina, basi vyeti vilivyomo kwenye faili hili ni vya mtu mwingine. Na kama ni vya mtu mwingine, wewe hukudahiliwa kamwe. Haitakuwa habari ya mkimbiaji aliyevunja sharti. Itakuwa habari ya mtu asiye mwanafunzi kukaa darasani." Akaendelea: viza ingefutwa, ningerudi nyumbani, ushindi wote wa timu wa msimu ule ungeondolewa, na kocha angeulizwa alijua nini. Ile peremende ikawa kama jiwe shavuni, siwezi kuitema wala kuimeza. Ndipo mdomo wangu ukasema wenyewe, kabla sijaupa ruhusa, "Ni binamu yangu. Tunafanana sana." Bi. Doyle akaandika. Kisha akainua macho akauliza Martina yuko wapi sasa hivi. Nikasema yuko Mbulu. Akauliza kama ana simu. Nikasema anayo. "Vizuri," akasema. "Basi nitazungumza naye. Mpaka hapo unaweza kufanya mazoezi, mashindano hapana." Nilitoka pale miguu haina nguvu, mimi niliyesafirishwa kuvuka bahari kwa ajili ya miguu hiyohiyo. Nilikuwa nimejifunga kitanzi kwa mikono yangu miwili.

Sijui kama umewahi kuishi na hofu ya namna ile. Watu hudhani mwenye hofu halali wala hali. Mimi nililala, nikala, nikacheka vichekesho vya Chebet, ila kila mlango uliogongwa bwenini niliona ni wa kwangu, na nikisikia mtu anaita jina langu uwanjani nilikuwa nahesabu moja, mbili, ndipo nageuka, nisije nikaonekana nimewahi sana au nimechelewa sana kuitika. Jumapili moja kwa Mama Njoki nilishuka chini kutandika meza, nikawasikia wakizungumza juu jikoni, sauti zikishuka na ngazi; habari ya ile picha ilikuwa imeshaenea timuni. "Na huyu mtoto akirudishwa, kocha naye?" aliuliza Mama Njoki. Chebet akamjibu, "Kocha anaenda, mama. Na kocha akienda, kocha mpya atakuja na watu wake. Scholarship yangu ni ya mwaka mmoja mmoja, yeye ndiye husaini." Nikasikia mwiko unakwangua sufuria. "Ngai," alisema Mama Njoki, akimwita Mungu kwa lugha yake. "Kwani huyu mtoto amewabeba nyinyi wote kwa mgongo, na venye amekonda." Nikapanga sahani nne badala ya tatu, nikairudisha moja. Chebet aliposhuka na sufuria ya ugali aliiweka mezani, akanitazama sana. Nilijua anataka kuuliza. Nikasema, "Chebet, kuna kitu..." Akanyoosha kiganja. "Aki Fabi, usiniambie. Kama ni wewe, usiniambie. Mimi wakiniuliza sitaki kudanganya, na sitaki kukuuza." Akakaa, akaombea chakula kwa niaba ya wote, na tukala tukizungumzia theluji.

Januari nikamtafuta Fabiola. Namba yake niliipata kwa dada mmoja wa kwetu ambaye sikumweleza sababu. Nilipiga asubuhi baada ya mazoezi, kwao mchana, nimejificha kwenye chumba cha kufulia nguo cha bweni kwa sababu kulikuwa na joto na mashine zilimeza sauti. Tulikuwa hatujaongea tangu tukiwa watoto. Alikuwa amesharudi Mbulu, ameolewa, ana watoto wawili, na aliposikia sauti yangu alipiga kelele ya furaha: "Dada Martina! Wewe!" Tuliongea Kiiraqw, lugha yetu, na mimi nilikuwa sijaitwa hivyo na mtu yeyote kwa muda mrefu. Kabla sijaanza shida yangu yeye akaanza ya kwake, tena kwa kicheko. Kulikuwa kumefunguliwa masomo ya watu wazima kwenye kata. Wanasoma jioni, wanafanya mtihani wa sekondari kama watahiniwa wa kujitegemea. Mume wake amekubali. Ameuza madebe mawili ya maharage, amenunua madaftari. Amekwenda kujiandikisha, karani akatafuta rekodi zake za shule ya msingi, akamwambia, mama, mbona wewe ulishamaliza kidato cha nne? Tena umefaulu. Tena watu wanasema uko Marekani unakimbia. "Nimecheka, dada, mpaka nikakaa chini," alisema. "Nikamwambia hebu niangalie vizuri, haya ndiyo mavazi ya Marekani?" Nikamuuliza karani alisemaje. "Alisema jina lile halina nafasi tena. Labda nitafute jingine." Akacheka tena, ila safari hii kidogo.

Hapo ndipo mtu mwenye utu angesema nisamehe. Nimelirudia lile tendo kichwani miaka yote hii, nikiendesha gari, nikiwa zamu, nikiwa kanisani, na kila mara najipa maneno mazuri ya kumwambia. Siku ile sikumwambia hata moja. Niliogopa mno. Nilichokisikia mimi katika habari yake yote ni kwamba kuna karani Mbulu anayejua Fabiola ni wawili, na kwamba huyu mwanamke anayecheka kwenye simu akikasirika siku moja, akienda akasema, nimekwisha. Kwa hiyo nikasema, "Fabiola, kuna watu wa chuo watakupigia. Nakuomba uwaambie wewe ndiye Martina." Nikamweleza yote, haraka haraka, kadi ya simu inakaribia kuisha. Aliposikia habari ya picha aliniuliza ni ile ya kwenye madawati? Anaikumbuka, alikuwepo, yeye ndiye aliyenishikia sweta. Mashine ya kufulia nyuma yangu ikaanza kuzunguka kwa kasi. "Nipe siku mbili," alisema, na simu ikakata.

Siku mbili zile sitaki kuzieleza sana. Sikuwa namlaumu, nilikuwa namwogopa, na hiyo ni mbaya zaidi. Nilimfikiria amekaa na mumewe wanazungumza habari zangu, mume anasema na sisi tunapata nini? Nilifungasha begi langu, nikaliweka chini ya kitanda, Chebet akaliona. Siku ya tatu asubuhi Fabiola alinibipu. Nikampigia nikiwa nimesimama kwenye ngazi za bweni na taulo kichwani. "Haya," alisema. "Nifundishe maneno." Nikamfundisha. Jina, shule, mbio, nafasi niliyopata, nani alikuwa wa kwanza. Alikuwa akiyarudia mara moja tu na hakosei, mimi ndiye niliyekuwa nachanganya. Nilipomuuliza kwa nini amekubali alisema, "Sasa tukose wote wawili?" Hakutaka tuongee zaidi, mtoto alikuwa analia.

Nami baada ya mwaka ule nilikimbia misimu mitatu zaidi, nikahitimu, nikabadilisha njia nikasomea uuguzi, nikaolewa. Chebet alimaliza, yuko Texas, tunatumiana salamu za Krismasi, na hajawahi kuuliza. Bi. Doyle alistaafu. Fabiola hakuniomba kitu hata siku moja. Nilituma vitu, nguo za watoto, simu. Alivipokea akashukuru kama anavyoshukuru jirani yeyote. Nilipomwambia miaka kadhaa baadaye kwamba nataka kulitafutia suala la jina ufumbuzi, niende kwa mwanasheria, alisema, "Dada, mimi nimeshazeeka na masomo. Usiamshe watu waliolala." Nikashukuru. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli: nilishukuru, nikalala usingizi mzuri. Kama kuna afisa wa serikali atakayesoma haya akanijia, sawa, nitamfungulia mlango, ingawa hata sasa nikiandika sentensi hii kiroho kinanidunda.

Simu yenyewe ya Bi. Doyle ilipigwa Februari ya mwaka ule wa kwanza, saa tatu asubuhi kwetu, kwao jioni. Bi. Doyle hakutaka nitafsiri mimi, na alikuwa na haki. Alimwita mkalimani kutoka Annandale, Bwana Salum, mzee wa Tanga aliyewahi kuwa karani ubalozini, suti ya kahawia, kiatu kinang'aa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaketi. Kocha alikuwa amesimama dirishani, hatazami mtu. Simu iliwekwa katikati ya meza, sauti nje. Iliita muda mrefu, nami nikaomba isipokelewe, halafu nikaomba ipokelewe.

"Haloo," alisema Fabiola, na nyuma yake watoto wakicheza.

"Dada, mimi Salum, niko hapa Marekani na mama mmoja wa chuoni. Yeye auliza kwa Kiingereza, mie nakufikishia kwa Kiswahili. Sitaongeza neno wala sitapunguza. Umenifahamu?"

"Nimekuelewa, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Jina lako nani?"

"Naitwa Martina." Alilisema kwa urahisi kabisa.

Maswali yakaja moja moja, yakivuka meza kwa Kiingereza na kurudi kwa Kiswahili. Alisoma shule gani? Akataja. Alikimbia mbio gani? Mita elfu moja mia tano. Alikuwa wa ngapi? Wa pili, wa kwanza alikuwa msichana wa Hanang. Alivaa viatu? Hilo sikumfundisha. "Peku," alijibu. "Nani alikuwa na viatu? Na kulikuwa na miiba upande wa golini, tuliukwepa." Bwana Salum akatabasamu akitafsiri, na kwa mara ya kwanza nikavuta pumzi. Fabiola ni nani kwako? "Ni ndugu yangu. Tumekua pamoja." Bi. Doyle aliandika, akapiga mstari. Nilidhani tumemaliza. Kisha akavaa miwani vizuri akauliza jambo moja zaidi, kwa upole, nadhani hata halikuwa la faili, lilikuwa la kujua tu kama mwanamke kwa mwanamke: kwa nini Martina hakuendelea na shule kama mwenzake?

Hilo hatukulipanga. Kule kwenye simu mtoto aliita mama, akaambiwa subiri. Niliona kidole cha Bwana Salum kimetulia juu ya meza kikingoja. Nilikuwa najua jibu lote: shangazi, mapacha, Babati. Nilikuwa najua kwamba anaweza kulisema, na kwamba hata akilisema anavyolijua yeye, atakuwa hajakosea.

"Sikuwa na kichwa cha shule," alisema Fabiola. "Nilikuwa mzito, baba. Wa mwisho kila mara. Wakaona bora nikalee watoto."

Bwana Salum akatafsiri, neno kwa neno. Kalamu ya Bi. Doyle ikaandika. Niliisikia inakwaruza karatasi, na mimi nilikuwa pale, nimekaa kiti cha pili kutoka mezani, mzima, nina mdomo, na sikusema kitu. Nilinyamaza kwa sababu jibu lile lilikuwa zuri. Lilikuwa linaniokoa. Bi. Doyle akamwambia Bwana Salum amshukuru, hana swali jingine, na amuulize kama yeye ana la kuuliza.

"Ninalo moja," alisema. "Muulize huyo mama. Huyo Fabiola hapo chuoni, anasoma vizuri?"

Bwana Salum alinitazama mara moja tu, akashusha macho, akatafsiri. Uso wa Bi. Doyle ulichangamka. Alifungua faili, akapekua mpaka karatasi ya alama za muhula, akaishika mbali kidogo na macho. "Mwambie Fabiola anaongoza timu nzima kwa alama. Mwambie walimu wake wanamsifu. Mwambie huko nyumbani wana haki ya kujivunia."

Bwana Salum akayasema yote. Kocha akageuka kutoka dirishani akaitazama simu akidhani imekatika.

"Haya," alisema Fabiola. "Nimefurahi. Nilitaka kujua tu."

Akakata simu. Bi. Doyle akafunga faili, akaniambia Jumamosi naruhusiwa kukimbia.